Reli kwenye Mkono wa Kushoto

Jumapili, 9 Machi

Mimi ndiye mpiga pasi bora kuliko wote waliopata kuzaliwa chini ya jua hili. Nalisema mapema ili lisije likamshtua mtu baadaye. Shati nikilinyoosha mimi, mwenye shati anaogopa kukaa. Kola niliyoipiga mimi unaweza kukatia mkate. Kazi yenyewe nimeianza juzi Ijumaa, lakini kipaji hakina habari na kalenda.

Daftari hili kanipa dada. Kabla hajapanda basi kurudi kwake aliniwekea mezani, akasema niandike kila ninachokikumbuka kuhusu mama, maana mimi ndiye niliyebaki naye hapa nyumbani, na kichwa changu, kwa maneno yake, ni chujio. Nikamwambia mtu aliyeacha shule kidato cha pili haandiki vitabu. Akasema hukuiacha shule, mdogo wangu, shule ndiyo ilikuacha wewe. Dada yangu ana mdomo. Kaurithi.

Basi tuanze. Mama alikuwa dobi. Si dobi wa mashine, ni dobi wa mabeseni, kamba za uani na pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma kwenye kifungo chake. Alifua nguo za nusu ya mtaa na kuzinyoosha kwenye meza ile ile tunayolia chakula. Alifariki mwezi uliopita. Tumeshamzika, wageni wameshaondoka, sufuria za watu tumeshazirudisha. Mvua imeanza.

Baba ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Tangu msiba hajarudi kazini, hajanyoa, na maneno anayosema kwa siku nzima ukiyaweka kwenye kiganja hayajai. Kazini wamempa ruhusa mpaka mwisho wa Aprili. Dada naye kasema waziwazi: ikifika mwisho wa Aprili na baba bado yuko kitandani, atakuja kumchukua akaishi kwake, na nyumba hii tumrudishie mwenye nyumba. Nikamuuliza, na mimi? Akasema wewe mtu mzima, utajua.

Najua. Yaani nimeandika tu kwamba najua.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimeunguza shuka la Karani. Padogo tu, kwenye pindo. Fundi wa kweli unamjua kwa anavyokunja, nimekunja pakawa ndani.

Jumatano, 12 Machi

Karani kalikunjua.

Ni mteja wetu wa siku nyingi, mtu mwembamba anayevaa nyeupe kila siku kana kwamba yeye na tope hawajatambulishana. Alilitazama lile doa, akanitazama mimi, akauliza kama mama aliniachia pasi au jiko. Nikamwambia hiyo ni nembo, siku hizi tunaweka nembo. Hakucheka. Lakini nguo za wiki hii kaziacha. Mama aliwazoesha watu vibaya, hata kuhama hawajui.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Nimezitundika sebuleni, chumbani kwangu, hadi koridoni, natembea ndani ya nyumba yetu nimeinama kama mwizi. Baba hajauliza chochote.

Jumapili, 16 Machi

Leo niandike kuhusu shati.

Nyuma ya mlango wa chumba cha baba kuna msumari, na kwenye msumari kuna shati la sare, la kaki. Mama alilinyoosha alasiri ile ya mwisho. Baba alikuwa anaingia kazini jioni. Mama akalitundika, akasema kichwa kinamgonga, acha ajinyooshe kidogo. Hakuinuka. Baba alimbeba mpaka barabarani akiwa na fulana ya ndani tu, na shati lake la pili, lile chafu, ndilo alilomfunikia kwenye gari. Hilo la pili halikurudi. Hili la msumarini halijaguswa. Baba kageuza kitanda, kichwa sasa kiko upande wa dirisha, ili akilala awe analitazama.

Sasa, kuhusu mama na mashati ya baba nina ushahidi wa kumtia aibu. Ya wateja aliyanyoosha mstari mmoja kila mkono, umesimama kama kamba iliyovutwa. La baba, mkono wa kulia sawa, lakini wa kushoto, kuanzia kiwiko kwenda chini, mistari miwili. Kila shati, kila siku. Nilikuwa namwita fundi reli. Mama, treni ya leo inapita saa ngapi? Naye ananirushia yale maji ya kunyunyizia nguo, anasema, "Bwana mkubwa, wewe hata soksi yako ya pili hujui iko wapi." Lakini kujitetea hakuwahi kujitetea. Baba naye alivaa reli yake akaenda zake kazini.

Mimi nilishapata jibu zamani. La baba halilipiwi. Dobi naye binadamu, anajua pa kubania jasho. Leo nimechungulia, nikaona la msumarini lina hata mstari wa tatu, hafifu, mfupi. Nikasema moyoni, mama, siku hiyo ulilipua kweli.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mkaa umelowa. Nimepuliza pasi mpaka nikaona nyota mchana.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Cherehani kaja. Ni jirani yetu, fundi nguo, shoga wa mama tangu wakiwa wasichana. Kaingia bila kubisha hodi, kanusa, kauliza kumeoza nini humu, nani kafa. Halafu akaziba mdomo kwa mkono. Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, yeye akafuata, akacheka mpaka akakaa kwenye furushi la nguo za watu, na alipomaliza kucheka hakuwa anacheka tena.

Uvundo ulikuwa wa nguo. Akanieleza kwamba nguo ya msimu wa mvua huinyooshi mara moja. Unaipitishia pasi kwa ndani ikiwa bado mbichi, unaitundika juu ya jiko, moto ukiwa umeshafifia, ndipo unainyoosha kwa nje. Nikamwambia nilikuwa naelekea huko huko, kaniwahi tu. Akasema ndiyo, naona njia uliyopita, inanuka.

Alipokuwa anakunja mashuka alinisimulia jambo ambalo sikulijua. Nilipozaliwa baba hakuwa na kazi, alikuwa amevunjika mguu kwenye ujenzi. Mama aliogesha mume, akafunga mtoto mgongoni, akaenda kugonga milango akiuliza nani ana nguo chafu. Hakuwa anajua kupiga pasi. Alijifunzia kwenye nguo za watu, kama mimi. Eti nikilia anaimba, nikinyamaza anafikiri, kwa hiyo alipendelea nilie.

Nikauliza, naye aliunguza? Mama Cherehani akasema, "Shuka. Akalikunja likawa ndani."

Jumatatu, 24 Machi

Karani kalipa na kaondoka bila kunusa.

Jumapili, 30 Machi

Mama alikuwa anakunywa chai ya asubuhi mara mbili. Ya kwanza na mimi, kukicha. Ya pili na baba, alasiri, maana baba akirudi zamu analala mchana kutwa na asubuhi yake inaanza watu wakitoka kazini. Mama aliacha kila kitu, akaweka vikombe viwili pembeni ya meza ya pasi, na mkate ukiwepo. Nikamuuliza siku moja, hushibi? Akasema mtu hawezi kuachwa aianze siku peke yake kama mkimbizi. Nilimwona mlafi. Andika hilo, dada alitaka kila kitu.

Leo alasiri nimempelekea baba chai, na yangu. Nilikaa kwenye kiti, pembeni ya kitanda chake. Sikuwa na la kusema, nikamweleza jinsi kola inavyonyooshwa, kuanzia ncha kuja katikati. Alikuwa analitazama shati. Chai kainywa nusu. Jana hakuigusa.

Jumanne, 1 Aprili

Baba kauliza kama jikoni panavuja. Nimemjibu kwa hotuba. Panavuja, lakini tuna ndoo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ya mawe. Kamba ya uani imekatika, nguo za mwalimu wa watoto wadogo zimelala kwenye tope zote. Nimezifua upya nikiimba. Ukiimba kwa sauti hujisikii unavyotukana.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo msimamizi wa walinzi kaja. Mtu mnene, mpole, mwavuli mkubwa kuliko mlango wetu. Alikaa sebuleni chini ya mashuka yaliyotundikwa, moja limemgusa kichwani kama bi harusi, akazungumza na baba kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi. Alisema wenzake wanamsalimu. Alisema ghala limejaa, kazi ipo. Kisha akatoa alichokuja nacho: kuna kijana analeta maombi kila wiki, ana miguu mizima na macho mazuri, na mwezi ukiisha yeye msimamizi hatakuwa na neno la kuwaambia wakubwa.

Baba alisema asante. Basi.

Nilimsindikiza msimamizi mpaka njiani. Akaniambia kitu. Alisema kwa miaka yote walinzi walimcheka baba, maana zamu ya usiku nani anakuona, vaa gunia ukipenda. Baba akawajibu kwamba mke wake anasema mlinzi akija kazini amejikunja, mwizi anajua kwao hakuna mtu. Msimamizi akanitazama shati langu mimi. Sikulipenda lile jicho. Wengine tunanyoosha, hatunyooshwi.

Niliporudi nilimkuta baba amekaa kitandani, miguu chini. Nikasema, baba, kijana mwenyewe huyo nimemsikia ana miguu kama vijiti vya mwavuli. Akatabasamu upande mmoja. Halafu akajilaza, akageukia mlango.

Nimepata hofu. Hapo mwanzo nilikuwa naogopa kubaki peke yangu. Sasa naogopa jinsi atakavyokuwa kwa dada, kwenye chumba ambacho nyuma ya mlango hakuna kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua asubuhi, manyunyu mchana. Baba kanywa kikombe kizima.

Jumamosi, 19 Aprili

Iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba leo Karani alilikunjua shati lake jeupe hapa hapa mlangoni, akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga kama noti, akasema, "Huyu ni mama yako mwenyewe." Nikamjibu, mama yangu na nyongeza.

Alipoondoka niliingia chooni nikakaa kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili

Dada kapiga simu. Kauliza, baba? Nikasema anakunywa chai. Akasema sikuulizi chai. Atakuja Jumapili ya kwanza ya Mei, na begi tupu.

Jumatatu, 28 Aprili

Andika taratibu, bwana mkubwa.

Asubuhi baba alitoka chumbani amevaa viatu. Nilikuwa uani kwenye beseni. Akasema anaenda kwa kinyozi. Nikasema haya, kama vile ni jambo la kila siku, nikaendelea kusugua pale pale mpaka kitambaa kikaomba msamaha. Alipokata kona nilicheza. Peke yangu, kwenye matope, na ndoo.

Keshokutwa ruhusa inaisha. Mtu hanyoi ndevu za miezi kwa ajili ya kwenda kulala. Nikakimbia chumbani kuliangalia shati, maana ndilo hilo pekee alilobaki nalo. Unyevu umeliingia. Kwenye kola na makwapani kuna vidoa vyeusi vya ukungu, kama mtu kakung'uta kalamu ya wino. Baba na macho yake yaliyochoka hawezi kuviona kutoka kitandani. Dobi anaviona kutoka barabarani. Nikamfikiria baba anaingia ghalani baada ya muda wote huu, walinzi wamejipanga, na kola imeota ukungu. Wangemcheka yeye na wangemcheka mama.

Nililifua kwa limau na chumvi, kama alivyokuwa anafanya yeye. Jua likatoka, halijatoka wiki nzima, nikaona hata huko juu wananiunga mkono. Nikatia wanga kidogo. Nikachagua mkaa mkavu. Mkono wa kulia, mstari mmoja. Mkono wa kushoto, mstari mmoja, kuanzia begani mpaka kwenye kifungo, ungeweza kupimia ukuta. Nikasema, mama, reli imefungwa leo, abiria watafute usafiri mwingine. Nikalirudisha kwenye msumari wake, nikaenda kuchemsha chai.

Baba alirudi alasiri amekuwa na uso mdogo, mweupe kwenye kidevu. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye miadi. Akaingia chumbani. Nikangoja kusifiwa.

Kisha akaniita, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu njoo."

Nilimkuta amesimama mbele ya mlango. "Umelifua," akasema.

Nikasema lilikuwa na ukungu, baba, nikamwonyesha kola ilivyotakata. Hakuitazama kola. Alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa shati, anaupitishia kidole gumba kutoka kiwiko kwenda chini, anarudi juu, anashuka tena, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Palikuwa na mistari hapa."

Nikacheka, mjinga mimi. Nikamwambia nimeiondoa, kwenye duka langu hakuna reli.

Baba akakaa kitandani. Akasema, akiwa amelishika lile shati mapajani, bila kunitazama:

"Akinyoosha mkono wa kulia mimi bado nimelala. Akifika kwenye kiwiko cha kushoto ndiyo saa yangu ya kuamka. Anaiweka pasi, anakuja, ananigusa mguu. Akirudi mezani shati limeshasogea."

Nikamuuliza kwa nini asimalize kwanza, ndipo aje amwamshe. Sauti yangu niliisikia inatoka mbali.

"Nilimuuliza hivyo hivyo nilipoanza zamu za usiku. Akasema akimaliza, mimi nitavaa niondoke. Akiniamsha katikati, itabidi nikae nimngoje, ninywe naye chai."

Nje mtu alikuwa anauliza kama dobi yupo. Hatukumjibu.

"Siku ile alikuja mara mbili," baba akasema. "Mara ya kwanza nilimsikia. Nikafumba macho, ili aje tena."

Baba aliinuka. Akalivaa shati, akalifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akautazama mkono wa kushoto.

"Limenyooka," akasema. "Mama yako angekusifu."

Akaenda kazini, siku mbili kabla ya ruhusa kuisha. Chai ilikuwa imechemka mpaka ikakauka.

Jumanne, 29 Aprili

Nimefua za wateja. Sijaimba.

Jumapili, 4 Mei

Dada kaja na begi tupu. Kamkuta baba amelala usingizi wa mtu aliyetoka zamu, viatu vyake vya kazi chini ya kitanda, sebule haina shuka hata moja, na Karani mlangoni anangoja shati. Kazunguka nyumba akitafuta kosa. Kapekua mpaka chini ya meza. Mwisho kakaa, kasema haya, baba abaki, na wewe umenishangaza. Mama Cherehani naye kapita, kasema mtoto wa shoga yake kawa dobi kamili. Siku nyingine ningeomba waliandike na kulipiga muhuri. Nikasema asante.

Dada kaliomba daftari. Nimemwambia halijakauka.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zimeisha. Kamba za uani zimejaa.

Wiki hii kazini wamempa baba shati jipya. Leo alasiri nimelinyoosha. Mkono wa kulia. Kisha wa kushoto, mpaka kwenye kiwiko, nikaiweka pasi, nikaenda chumbani nikamgusa baba mguu. Alikuwa macho. Alikuwa macho siku nyingi, nadhani, ananisikiliza tu. Akaja, tukanywa chai pembeni ya meza, akasema wanga umezidi. Kisha nikaishika pasi. Shati lilikuwa limesogea kweli, lakini mkono wangu ukalirudisha wenyewe, mstari ukatoka mmoja. Nikanyunyizia maji, nikajaribu kukosea kwa makusudi. Ikatoka mistari miwili ya mtu anayetaka mistari miwili. Baba akalivaa hivyo hivyo, akaenda.

Dada, ukifika hapa, yote uliyoyaogopa hayakutokea. Baba yuko kazini, nyumba ipo, wateja wapo, hata lile shuka Karani kalisamehe. Kimeharibika kitu kimoja. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo mkono wa mama ulikuwa bado haujamaliza kazi, na baba alikuwa amenyoa ili akapavae. Nikapatumbukiza kwenye beseni. Nisiseme sikuona. Ule mstari wa tatu niliuona kabla sijaulowanisha, nikauona vizuri kabisa, nikasema huu ni uzembe, nikaufuta. Nilikuwa napiga mluzi.